Barafu Ina Mtu Wetu

Tegeta, 9 Machi 2025

Wifi Margareta, shikamoo.

Hija akikufikishia barua hii mpe japo chai, maana ameibeba pamoja na mzigo wake wa sare za shule, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo unaijua. Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini masikio yako uliyaacha kwenye mitambo ya kiwanda cha nguo, na meseji unasema herufi zake ni chawa. Basi tuendelee na kalamu tuliyoizoea.

Nina habari, na imeninyima usingizi siku ya nne leo. Gladness amenilipia safari ya meli. Si ya Zanzibar. Ni huko huko Norwe anakofanya kazi ya unesi, lakini juu zaidi, kaskazini kabisa, ambako hata miti imekata tamaa ya kuota. Meli inazunguka siku nane kwenye visiwa ambavyo barafuto zake, ile mito ya barafu, zinashuka mpaka baharini. Watu wanasimama sitahani na vikombe vya kahawa, wanatazama mabonge ya barafu yakikatika na kuanguka majini, kisha wanapiga makofi. Tunaondoka mwanzoni mwa Agosti. Anasema ni zawadi ya kustaafu. "Mama, umefundisha barafuto miaka thelathini na minane na hujawahi kuigusa hata moja." Yeye na mumewe watalala chumba cha jirani. Changu kina vitanda viwili, na cha pili nimchague ninayemtaka.

Nimekuchagua wewe. Kabla hujakataa, soma mpaka mwisho.

Ni kweli nimefundisha. Nimewachorea watoto ubaoni mto wa barafu unaotambaa polepole kuliko konokono, nikawaambia mfano wa karibu uko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakaandika, nikaweka alama. Lakini tangu kaka Godlisten apande na mizigo ya Wazungu mwaka 83 asirudi, mie sijakanyaga hata lango la Marangu. Hata barafu ya kwenye friji sipendi inavyolia ikimiminiwa soda. Gladness amezaliwa Dar, mjomba wake anamjua kwa picha moja ya ukutani. Nitamweleza nini anielewe?

Naogopa, wifi. Nakwambia wazi kwa sababu ni wewe. Kwenye simu nilisema, "Asante mwanangu, Mungu akubariki," nikakata, nikakaa kwenye kigoda jikoni. Twende wote, au unitafutie sababu ya kukataa isiyomuumiza mtoto.

Ni mimi wifi yako,
Eliaichi


Chang'ombe, 14 Machi 2025

Eliaichi,

Marahaba. Hija kanywa chai na kala vitumbua vitatu, kwa hiyo usimwonee huruma.

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza, na jibu ni hapana. Pombe ya posa, mbege ya kwanza, ilishafika kwetu, Mwika nzima wananiita mke wa Godlisten, nimeshachagua mpaka kitambaa cha mapazia, halafu mlima ukamchukua wiki sita kabla ya arusi. Leo unaniambia nikasimame na kahawa kutazama barafu? Mimi na barafu hatusalimiani.

Lakini wewe nenda. Una mtoto anayekukumbuka bila kukumbushwa. Wangu wawili wako Mbagala hapo, naweza kuwafikia kwa daladala moja, na wananiona Krismasi. Ukiogopa maji, kaa katikati ya meli. Ukiogopa baridi, vaa.

Ukishindwa kabisa, msingizie magoti. Mwanamke wa umri wetu akisema magoti, hakuna anayemwomba cheti cha daktari.

Margareta


Tegeta, 30 Machi 2025

Wifi, shikamoo.

Magoti yameshindwa. Gladness kajibu kwamba kwenye meli kuna viti vya magurudumu na lifti, na kuna nesi, yaani yeye mwenyewe.

Sasa ameleta makaratasi. Nimeyasoma yote kwa miwani, neno kwa neno, kama nasahihisha mtihani, na heri nisingeyasoma. Kuna karatasi ya bima. Ukurasa wa tatu wameandika watakavyousafirisha mwili wangu kuurudisha nyumbani endapo nitafia huko. Mie hata ndege sijapanda, wenzangu wameshanipangia jeneza. Nilimuuliza Gladness kama kuna anachonificha. Akacheka, akasema ni utaratibu tu, kila msafiri anaandikiwa hivyo. Utaratibu gani unaomzika mtu kabla hajafunga sanduku?

Kuna na mengine. Mkishuka kisiwani mnatembea nyuma ya mtu mwenye bunduki, kwa sababu ya dubu weupe. Maji yale mtu akitumbukia ana dakika chache tu. Na jua halizami. Saa sita usiku linawaka kama saa nne asubuhi. Mungu alitenga mchana na usiku siku ile ya kwanza kabisa, mie ni nani niende mahali ambapo utengano haujafika?

Lakini hayo yote ningeyamudu. Kinachonitisha ni kingine. Unakumbuka tulivyomzika kaka. Hapakuwa na mwili, wazee wakakata shina la mgomba kule kihambani, shamba la ukoo, wakalivalisha shati lake la kanisani, wakalifunga shuka, tukalililia kama mtu. Baba alilishika kichwani, mahali ambapo kichwa kingekuwa. Mpaka leo nikipita pale nyuma ya nyumba nageuza uso. Je, nikitumbukia kwenye maji ya huko, si watakata mgomba mwingine? Sitaki, wifi. Nataka nilale pale Mwika mimi mwenyewe, na mifupa yangu.

Juzi redioni wamesema barafu ya Kibo inazidi kuyeyuka, kwamba wajukuu zetu watauona mlima ukiwa kipara. Nikazima. Jirani kaniuliza mbona nimezima taarifa ya habari katikati, nikasema umeme unakwenda.

Niandikie haraka. Sina mwingine wa kumweleza haya.

Eliaichi


Chang'ombe, 5 Aprili 2025

Eliaichi,

Nilicheka ile habari ya jeneza, halafu nikafika kwenye mgomba, kicheko kikakatika.

Sijasema nakwenda. Lakini huwezi kwenda huko na hizo sweta za mtumba unazovaaga Julai ukijidai unasikia baridi ya Tegeta. Hija kaniletea sufu nzuri, nzito, inayokuna kidogo shingoni, ndiyo ya kweli hiyo. Nitumie vipimo vyako: kifua, mkono kutoka begani, na urefu kutoka shingoni mpaka kwenye nyonga. Usiniongopee kifua. Nitafuma kwa mkono, si kwa mashine.

Nataka ujue hilo si jambo dogo kwangu. Sijamfumia mtu mzima sweta tangu lile la Godlisten. Nimeshona suti, magauni ya arusi, sare za shule nusu ya Temeke, lakini sindano za kufumia nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka chini ya godoro. Sasa nikueleze kwa nini, maana tumeandikiana miaka yote hii na hili sijawahi kulitia kwenye karatasi.

Unakumbuka siku ya mgomba nilimwomba mama yenu sweta langu, lile la buluu lenye mstari mweupe kifuani, tulivalishe lile shina pamoja na shati. Mama akasema, "Amepanda nalo, mwanangu." Nikashukuru. Nilijiambia basi, alipokuwa anakufa nilikuwa nimemzunguka mwilini. Hilo ndilo lililonifanya niamke asubuhi.

Miaka miwili baadaye nikakutana na Didas sokoni Mwika, yule mpagazi aliyepanda naye na akarudi. Nikamuuliza kama sweta lilimsaidia hata kidogo. Akaniangalia kama mtu niliyemkosea. Akasema, "Sweta gani, dada? Godlisten alipanda na koti la shule. Alitetemeka kuanzia kituo cha pili, tukamwachia blanketi."

Nililifuma miezi mitatu, Eliaichi. Mwanamume hapandi Kibo Novemba akaacha sweta kama lile, ila awe amelitoa kwa mtu. Palikuwa na yule msichana wa dukani pale njia panda, aliyekuwa anampimia sukari kwa kuzidisha. Niliona kila kitu siku ile. Mwezi uliofuata nikamkubali yule fundi seremala wa Temeke ambaye nilikuwa nimemkataa mara mbili, nikaja Dar. Ndoa ya hasira haina paa, ilinyesha ndani mpaka mwenyewe akaondoka. Ndiyo hadithi yangu. Nimemlilia Godlisten na nimemchukia, yote kwa zamu, na mpaka leo zamu hazijaisha.

Haya, vipimo. Na andika kama bado unaogopa, nijue nifume nene kiasi gani.

Margareta


Tegeta, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Wifi,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimezichoma jikoni.

Hija atakupa na kifurushi. Usikifungue kabla hujasoma. Nakuomba.

Hapakuwa na msichana wa dukani. Palikuwa na mie.

Kwaya ya usharika tulialikwa kuimba Moshi mjini. Tuliondoka Jumatano jioni ili tulale huko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sina nguo ya maana ya baridi, na sweta lako lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa kaka. Alikuwa apande Jumamosi. Nikasema nitalirudisha Ijumaa, hatajua. Nililivaa, nikajitazama kwenye kioo cha mama, nikajiona mchumba wa mtu. Sikuomba kwa sababu nilijua angesema hapana, alikuwa halivai hata kanisani kwa kulitunza.

Alfajiri ya Alhamisi mpagazi mmoja akaugua tumbo, wakaja kumgongea kaka achukue nafasi yake. Mama alinisimulia niliporudi. Alilitafuta nyumba nzima, akapekua mpaka jikoni, wenzake wanamwita nje. Mwisho akacheka, akasema, "Nitakuwa nimelisahau kwa Margareta," akavaa koti la shule akatoka. Mama aliponiambia hayo mie nilikuwa nje kwenye mibuni ya kahawa, bado nimelivaa ndani ya kanga. Nilijifunga kanga vizuri zaidi. Nilisema nitalirudisha kimya kimya msumarini, akirudi alikute hapo hapo.

Jumatatu wakaja watu wawili wa hifadhini, kofia mkononi.

Siku ya mgomba ulipoliomba, lilikuwa kwenye dari ya jikoni, ndani ya gunia la mahindi, hatua kumi kutoka ulipokuwa umesimama. Mama alisema amepanda nalo kwa sababu aliamini alilikuta njiani, kwako. Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Nikaona sura ya baba alivyoshika lile shina, nikaufunga, na sikuufungua tena. Mama amekufa hajui. Baba amekufa hajui. Mume wangu Fredrick, Mungu amrehemu, niliishi naye miaka ishirini na sita na sanduku nililolifichia sweta lilikuwa chumbani kwetu.

Sasa unajua ninachokiogopa. Si dubu. Redio ikisema Kibo inayeyuka, wenzangu wanasikitikia mvua, mie naogopa watamkuta. Barafu inatunza, nimefundisha hivyo. Watamkuta kama alivyo, na koti la shule, na kila mtu ataona alichokosa. Na huko kaskazini Gladness atanisimamisha mbele ya ukuta wa barafu anipige picha. Barafu ina mtu wetu, wifi, na ina jambo na mimi.

Nilidhani nimemuua kaka yangu, nikaishi na hilo. Sikujua kwamba nimekuua na wewe, nikakuozesha kwa hasira, kisha nikawa naandika "wifi yangu" kila mwezi na kukutumia ndizi za kihambani. Hilo la Didas ungeniambia mwaka ule, sijui ningefanya nini. Labda ningenyamaza vilevile. Mie ni mwoga, sasa unajua ukubwa wake.

Vipimo sikutumii. Sistahili.

Eliaichi


Tegeta, 18 Mei 2025

Wifi, shikamoo.

Wiki ya nne hii. Hija anasema, "Mama Gladness, yule mama kaipokea barua, kasoma kasimama, kachukua kifurushi kafunga mlango. Mie hata chai sijapata, na huwa ananipaga." Juzi alipita tena, akasikia redio ndani, mlango haukufunguliwa. Nikasema mwenyewe, redio ya nini kwa mtu asiyesikia.

Nilikuja Jumamosi. Nilifika mpaka kwenye kona ya gereji, nikaona dirisha lako liko wazi na pazia linapepea, nikarudi. Nimekwambia mie ni mwoga.

Kama umetupa, sawa. Kama umechoma, sawa. Nijulishe tu kwamba u mzima.

Eliaichi


Tegeta, 1 Juni 2025

Wifi,

Hii ni ya mwisho, sitakusumbua tena.

Gladness anataka jina la msafiri wa pili, la sivyo kitanda kinapotea. Nimeamua siendi. Jumapili ijayo baada ya ibada nitampigia nimweleze ukweli wote, wa mjomba wake na wa sweta. Aisikie kutoka kwangu kabla mlima haujamwambia. Atalia, na najua safari yake nitakuwa nimeiharibu. Lakini siwezi kusimama mbele ya barafu nikitabasamu wakati wewe umefunga mlango.

Nisamehe, au usinisamehe. Mie nitaendelea kukutumia ndizi.

Eliaichi


Chang'ombe, 6 Juni 2025

Eliaichi,

Nimempa Hija nauli ya bodaboda ili hii ikufikie kabla ya Jumapili. Usimpigie mtoto simu mpaka umalize kusoma.

Mimi mzima. Nimekukasirikia mpaka nimeumwa. Siku ya kwanza sikula. Siku ya pili niliandika barua ambayo ungeisoma usingeweza kwenda kanisani, ninayo bado, huenda nikaituma. Redio nawasha kwa sababu nikiishika mkononi naisikia inatetemeka, inanifaa kuliko ukimya. Siku uliyofika kwenye kona ya gereji nilikuona dirishani. Nilikuona unarudi, nikasema mwache arudi, na mimi nilirudi vilevile kutoka sokoni Mwika siku ya Didas, bila kupita kwenu kuuliza.

Nitakwambia kilichoniuma zaidi, na si unachofikiri. Karibu miaka arobaini nimemchukia msichana wa dukani ambaye hakunikosea kitu. Jina lake lilikuwa Noela. Nilipokutana naye kwenye msiba miaka ile nilimpa mgongo mbele ya watu. Na Godlisten nimemtukana kaburini mwake, kaburi lenyewe la mgomba, mtu wa watu ambaye alitoka mlangoni na jina langu mdomoni. "Nitakuwa nimelisahau kwa Margareta." Sentensi hiyo ilikuwa yangu, Eliaichi. Uliikalia.

Kifurushi nilikifungua baada ya siku tisa. Nililijua hata kabla ya kuliona, kwapa la kushoto niliruka vitanzi viwili nikasema nitarekebisha baada ya arusi. Vitanzi bado vimerukwa. Wadudu wamekula mkono mmoja na kipande cha mgongo, mengine umeyatunza vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mwizi. Nikaliweka mezani nikalitazama siku nyingine mbili.

Halafu nikalifumua. Lote. Nimeufua uzi, nimeuanika uani, majirani wakadhani nimeanza biashara. Nilitoa sindano chini ya godoro. Uzi mzima umetosha skafu mbili, moja yako, moja yangu, zote zina kipande cheupe. Umebaki uzi kidogo, kiasi cha ngumi ya mtoto. Huo hatuendi nao kokote. Tukirudi tutapanda Mwika, tuufukie pale nyuma ya nyumba, kwenye mgomba wetu, kama nilivyoomba siku ile.

Ndiyo, nimesema tukirudi. Siku niliyokuandikia habari za Didas nilikuwa nimeshakwenda Uhamiaji kuomba pasipoti, sikutaka kukwambia usije ukavimba kichwa. Nimeichukua mwezi uliopita nikiwa na hasira, picha yangu inaonyesha. Mpe Gladness jina langu, ashughulikie hiyo viza. Ukweli wa mjomba wake utamwambia huko huko, mbele ya hiyo barafu yenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni ili usije ukafunga mdomo tena.

Naogopa ndege. Naogopa maji. Hilo jua lisilozama silielewi, nitafunika dirisha na kanga. Na bado sijakusamehe, nisikudanganye, labda tukiwa melini, labda baadaye. Lakini vipimo vyako navitaka kabla ya Jumatano, kifua, mkono na urefu, sweta lako nimeshaanza mgongo kwa kukisia. Mtu mmoja ameshaingia kwenye barafu bila sufu yangu mwilini. Wewe hutakuwa wa pili.

Bado wifi yako,
Margareta